Muuza Nyama na Mabilinganya ya Binti Yake

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Kwa miezi minne sasa nyama inayoliwa nyumbani kwetu ni mabilinganya, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, na sasa wewe. Naomba unisaidie haraka, kwa sababu baba yangu ni muuza nyama.

Nina miaka kumi na minane, nilimaliza shule mwaka jana, na nina aibu sana, kiasi kwamba mtaani wananiita Kimya, na hata barua hii nimeiandika mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza niliona haya nikaichana. Mama yangu ni fundi cherehani. Nilipomaliza shule oda ya sare za wanafunzi ilikuwa imemfika shingoni, basi akanikabidhi jiko pamoja na pochi ya matumizi, akasema, "Haya mwanangu, kuanzia leo njaa ya nyumba hii ni kesi yako."

Dada yangu mkubwa anafanya kazi ng'ambo, katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi huohuo aliniandikia niende likizo kwake wiki mbili, kulala na kula juu yake, nauli juu yangu, akanitumia na picha ya mtaa wake, mtaa wa kawaida tu wenye duka la mikate na benchi, lakini mshauri, penye benchi lile hakuna anayenijua. Hilo ndilo lililoniteka. Nilitamani wiki mbili za kukaa mahali ambapo nikinyamaza watu watadhani sijui lugha yao, wasiniulize, "Wewe mbona huongei, umemeza nini?"

Sasa nauli ningeitoa wapi? Nikaitazama ile pochi nikaona kwamba sehemu kubwa ya fedha inaishia kwenye nyama, na hapa lazima nikueleze jambo la ukoo wetu, maana utashangaa kwa nini binti wa muuza nyama ananunua nyama. Duka ni la baba na baba mdogo kwa ubia, na zamani waliwahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya ini moja, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyelibeba kwake, mpaka bibi akaamua kwamba hakuna tena atakayetoa nyama dukani kupeleka nyumbani, kila mtu akanunue kwingine. Kwa hiyo baba, muuza nyama mzima, hutupatia fedha tukanunue upande wa pili wa soko, kwa mshindani wake, ambaye baba humwita Kisu Butu.

Nilianza kwa kupunguza kidogo tu. Nusu nyama, nusu bilinganya. Hakuna aliyesema kitu. Wiki iliyofuata robo nyama. Baadaye nikaacha kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeshalijua bilinganya: nalikata vipande vinene, natia chumvi, nalikandamiza chini ya jiwe la kusagia mpaka litoe maji yote, nalibanika juu ya makaa mpaka likauke, halafu nalichana kwa vidole kama nyuzi, na kulipika taratibu katika supu ya mifupa pamoja na vitunguu vilivyoungua kidogo pembeni. Mifupa nanunua kwa Kisu Butu kwa bei ya bure, kwa kumwambia ni ya mbwa. Hatuna mbwa. Yeye hajui mimi ni binti wa nani, na ni mtu mwema, kila siku huniuliza, "Mbwa wako hajambo?" nami huitikia kwa kichwa. Siku moja nilikuwa nimenyamaza kuliko kawaida, akadhani mbwa anaumwa, akaniongezea mfupa wa goti bure na kusema nimpe pole.

Tatizo, mshauri, ni kwamba chakula kimekuwa kitamu mno. Bibi, ambaye amebakiwa na meno manne, hutafuna na kusema, "Ng'ombe huyu alilelewa na watu wenye adabu." Mama ameshailegeza sketi yake mara mbili. Na baba anakula amefumba macho, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, anaongeza, anaongeza tena, kisha anasukuma sahani na kuuliza, "Kisu Butu anaipata wapi nyama hii?"

Mwanzoni nilicheka moyoni. Sicheki tena. Baba ameanza kukonda kwa mawazo. Amekuwa akinusa nyama ya dukani kwake na kutikisa kichwa. Juzi nilipompelekea chakula cha mchana nilimsikia akimwambia baba mdogo, "Mdogo wangu, tumeshindwa. Miaka yote hii tunauza soli za viatu."

"Kaka, punguza sauti, kuna wateja."

"Wateja ndio walistahili kuambiwa kwanza."

Na sasa ameamua kwamba mwisho wa mwezi huu atachukua fedha yote waliyoiweka kwa ajili ya friji jipya, aipeleke kwa Kisu Butu kama malipo ya awali, amwombe awanunulie ng'ombe kutoka huko anakonunua yeye. Baba hajamwamkia Kisu Butu kwa miaka tisa! Najua atakavyoanza: "Binti yangu hununua kwako kila siku." Na najua atakavyojibiwa: "Binti gani? Au ni yule wa mbwa?"

Kwenye kopo la unga wa maziwa, juu ya kabati, nauli ya kwenda imetimia. Ya kurudi sijaianza. Nimewaza niondoke kwanza, halafu nikifika nimwambie baba kwa simu, ila kwenye simu pia naona haya. Je, nikimbie, nikiri, au nirudi polepole kwenye nyama, robo, nusu, mpaka isionekane tofauti?

Tafadhali usimwambie mtu. Tena naomba uangalie ukurasa utakamoiweka barua hii, kwa sababu dukani kwa baba wanafungia nyama kwa magazeti ya zamani, na baba mdogo husoma kila ukurasa kwa sauti kabla hajafunga.

Wako,
Kimya


JIBU

Kimya, marahaba.

Unaniomba siri kwa kuniandikia gazetini. Tuanzie hapo. Umeshindwa kumwambia mtu mmoja jikoni ukaona afadhali uwaambie wasomaji wote. Wewe huna aibu kama unavyodhani. Unachagua tu mahali.

Pili, hongera. Wako wanaopika nyama ikawa kama gome la mti, na wewe umechukua bilinganya ukamdanganya nalo mtu anayeshika kisu cha nyama tangu hujazaliwa. Wenzako wanaotaka kusafiri hushindia chai kavu, wakapanda ndege wakiwa na vidonda vya tumbo. Wewe umeweka akiba na nyumba imenenepa. Huo ni ufundi, na usimruhusu mtu akuambie vingine.

Sasa nikugombeze. Fedha ya nyama ulipewa ya nyama. Ungesema, "Mama, naweza kulisha nyumba hii kwa nusu ya matumizi, kinachobaki niwekee nauli," ni nani angekukatalia? Lakini kopo silo linaloniuma. Umemfanya mtu mzima atilie shaka mikono yake. Baba yako anaamka asubuhi, anafungua duka, anatazama kazi ya maisha yake na kuiona soli ya kiatu, na sababu ni wewe na jiwe lako. Hilo ndilo deni. Lilipe kwanza.

Kurudi polepole kwenye nyama futa kabisa. Utakuwa umemponya ulimi na kumwachia kidonda. Na kukimbia? Binti yangu, nauli ya kwenda bila ya kurudi si likizo, ni kutoroka. Utakaa kwenye benchi lako umekunja mikono, hakuna anayekujua, na wewe mwenyewe utatamani usijijue.

Fanya hivi. Huwezi kusema? Usiseme. Kesho mwite baba yako jikoni kabla hujaanza kupika, mpe kiti, na upike mbele yake kuanzia bilinganya likiwa zima mpaka linaingia kwenye sufuria. Mikono yako inajua kuongea. Akishaona, lete kopo, liweke mbele yake, lifungue mwenyewe. Usilie kabla hajasema neno. Machozi ya mapema ni hongo. Akikuuliza, jibu. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Nauli iombe baadaye, kwa mdomo, mchana kweupe.

Mbwa naye mwondoe. Apone, ahame, afe, utakavyoona, lakini wiki hii awe na mwisho. Yule muuzaji ana moyo safi na wewe unauchezea.

Barua yako nimeichapa leo makusudi. Zimebaki siku tisa mwezi uishe, na gazeti hili litafika kwenye kaunta ya baba yako siku yoyote kuanzia sasa. Usingoje baba mdogo amsomee.


KIMYA AMETUANDIKIA TENA

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Nilifanya ulivyosema, ila sikungoja kesho, nilifanya siku ileile, kwa sababu ningelala ningeghairi. Baba alikaa kwenye kiti cha jikoni na aproni yake ya kazini hajaivua. Nilikata bilinganya, nikatia chumvi. Nilipoweka jiwe akasema, "Hilo si la bibi yako?" Nilipoanza kuchana zile nyuzi akainama mbele kabisa.

"Bilinganya?"

"Ndiyo, baba."

"Siku zote?"

"Miezi minne."

"Na ile siku niliyoongeza mara tatu?"

"Hata hiyo."

Nikaleta kopo, nikalifungua, na alipouliza la nini nikamweleza habari za dada na duka la mikate na benchi. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Alinigombeza kweli, mshauri, tena kwa haki. Adhabu yangu ni kukaa dukani kila Jumamosi mpaka nisafiri, na kuwaita wateja kwa sauti. Jumamosi ya kwanza niliita kwa sauti ndogo hivi kwamba baba mdogo aliniuliza ninaongea na nyama au na watu. Kisu Butu alipita akaniona kwenye kaunta ya baba, akasimama, akauliza, "Mbwa je?" Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika meza, na baba akamwamkia, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Friji jipya limeshafika.

Mama alininunia siku mbili, si kwa fedha, ni kwa sketi. Bibi hatujamwambia. Baba anasema yale meno manne yaachiwe furaha yao.

Lakini lililonifanya nikuandikie tena ni hili. Usiku ule jikoni, baada ya kunigombeza, baba alisimama akafunga mlango, akarudi kukaa, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mimi nyama siipendi. Tangu mwaka wa pili wa duka. Naishika kutwa, nainusa kutwa, nikirudi hapa naila kwa heshima ya kazi. Hii miezi minne ndiyo nimekula chakula. Nikadhani Kisu Butu kanirudishia hamu yangu, kumbe ni wewe."

Akalifunga kopo akanirudishia. "Hii ni ya nyama ambayo sikuitaka. Ya kurudi nitakulipia mimi, tena nitailipa kwanza, maana ukibaki huko mimi nitakula nini?"

Basi naondoka baada ya miezi miwili. Nawaomba wewe na wasomaji wako wote msimwambie mtu yeyote kwamba muuza nyama wa sokoni kwetu hapendi nyama. Na mkiutumia ukurasa huu kufungia kitu, tafadhali, maandishi yawe upande wa ndani.