Hadithi Niliyokuwa Nawachekeshea Wageni

Jumapili. Mlima Kilimanjaro umetoka wote mawinguni, mweupe kama umetoka kuoga sasa hivi. Na mimi nimeshinda naona aibu, kitu ambacho watu wa mtaani kwangu Njoro hawajawahi kukishuhudia.

Ilianza jana. Mpwa wangu Neema anasoma shahada ya uzamili. Anachambua riwaya za Kijerumani za kama miaka mia iliyopita, namna waandishi walivyoandika ubakaji. Akaja nimsaidie kutafsiri ukurasa mmoja. Angeenda kwa nani tena? Shule niliishia darasa la saba, lakini Kijerumani nimekisomea mlimani, miaka ishirini ya kuongoza wageni. Mjerumani akiugua huko juu, namfokea kwa lugha yake mpaka anashuka.

Nikasoma kwa mbwembwe. Tajiri anafunga mlango, binti mtumishi wa ndani yumo. Mstari unaofuata ni asubuhi, binti anaokota vifungo vya blauzi sakafuni.

"Penzi hilo!" nikasema.

"Mjomba, binti amesema nini?"

Nikatafuta. Nikageuza karatasi. Hajasema kitu.

Neema akaniambia wasomi wengi walipita hapo hapo wakaita mapenzi, kwa kuwa mwandishi kauruka usiku wenyewe. Kazi yake yeye ni kusimama pale palipoachwa na kuuliza.

Nikacheka. Kisha nikamrudishia karatasi yake haraka.

Maana nina hadithi yangu, maarufu kambini. Jinsi baba na wenzake walivyomvizia mama mferejini akichota maji, wakambeba mzobemzobe mpaka kwa baba, akawa mke. Desturi ya zamani. Wageni hucheka mpaka supu inawamwagikia. Na humo mama hasemi hata neno.

Mimi ndiye mzaliwa wake wa kwanza.

Leo nimepanda na Neema hadi Rombo kwa mama. Nimebeba jani la isale lenye fundo, lile tunaloombea msamaha huku kwetu. Mama akalitazama.

"Umeua mtu?"

Nikamweleza yote. Mikono akaiacha mapajani. Nikajua leo jani linakataliwa.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka siku tatu," akasema. "Nikamng'ata baba yako mkono. Lile kovu mliambiwa ni la panga."

Akalipokea jani. "Ila usisimulie habari yangu tena. Mdomo ninao."

Kisha akanifukuza nikakate majani ya ng'ombe, akabaki na mjukuu wake. Waliongea muda mrefu. Mara mbili nilimsikia mama akicheka. Sijaambiwa walichosema, na mimi, mbea mkuu wa Kilimanjaro, sijauliza.

Kesho napandisha Wajerumani sita. Wakiniomba ile ya baba na mama, nitawaambia kwa Kijerumani kilichonyooka: mwenyewe amekataa. Wakitaka mtu wa kumcheka, nitawapa mwanaume mzima aliyelia kwenye migomba na mzigo wa majani kichwani.