Jani la Isale na Pampu Iliyopinda

Kilema, Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi, na manyunyu hayakatiki.

Leo ilikuwa siku ya kupumzika. Kupumzika! Tumetoka Tanga kwa baiskeli, tunakwenda Nairobi, na njia nzima hatukutokwa na damu. Tumekuja kumwaga damu hapa kwenye migomba, tumeshiba mtori.

Tumefikia kwa Kristofa, niliyekata naye mkonge kabla hajarudi kwao kulima kahawa. Magoti yangu yalikuwa yamevimba, nikasema tukae kidogo. Mimi kukaa naweza. Hamisi, mwenzangu wa safari, hawezi. Akikosa kazi anawashwa mwili mzima. Asubuhi akaamua kusafisha minyororo. Baiskeli yake haina stendi, akatafuta mti wa kuiegemeza. Pembeni ya shamba akaona mstari wa vijiti vyenye majani marefu, akang'oa kimoja kilichonyooka.

Kumbe ni masale. Sisi tuliona ua tu. Huku ndio mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, aliupanda babu yao, na Kristofa na kaka yake Baltazari wanaugombea tangu baba yao afe. Nani angemwambia mgeni mambo hayo wakati wa kula?

Baltazari aliliona pengo akiwa upande wake. Hakuuliza. Alikuja na panga, akaanza na baiskeli: tairi, kiti, spoku. Hamisi, mjinga wangu yule, akaingiza mkono kuiokoa. Panga likapita kwenye kiganja. Niliuona mfupa kabla damu haijaufunika.

Nilikuwa na pampu mkononi. Nikampiga nayo Baltazari kichwani, panga likamtoka. Nikampiga tena, akaanguka kwenye matope palepale penye pengo. Kristofa akapiga kelele, "Basi, Shabani! Utaua mtu!"

Nilimsikia vizuri. Niliendelea.

Hapa sitajifanya mwema. Ilikuwa tamu. Jua lote la njiani, matako yaliyochubuka, njaa, vyote nilimshushia yeye.

Hamisi ameshonwa na masista wa misheni. Ni fundi cherehani, na sista anasema vidole huenda visikunje tena. Baltazari yuko kwake, jicho moja limefumba, hakuna ajuaye kama litaona.

Jioni akaja mama yao kina Kristofa, bibi mfupi aliyejitanda kanga iliyolowa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kunitazama. Mkononi alikuwa na jani refu la masale, amelifunga fundo. Kristofa akaninong'oneza kuwa hilo ndilo isale, jani la kuombea msamaha, na kwao anayeletewa hawezi kulikataa. Nikajua bibi amekuja kutuomba radhi, nikajiweka sawa nipokee heshima yangu. Ebo!

Akaliweka kiganjani mwangu. "Mpelekee mwanangu. Na yeye atampelekea mwenzako. Lakini uanze wewe."

Nikaenda misheni kumweleza Hamisi. Akageukia ukutani. "Ukienda kwa yule, safari yetu imeishia hapa. Mimi sina mkono, wewe unapeleka majani?" Nikarudi na mvua yangu.

Sasa jani liko mezani, pembeni ya pampu. Pampu imepinda, haitatia upepo tena. Baltazari namchukia hata ninavyoandika hivi, na nikifumba macho nakiona kiganja cha Hamisi.

Lakini naona na kitu kingine, na hiki sikumwambia Hamisi, wala Kristofa, wala yule bibi.

Baltazari alipokuwa chini alipapasa kwenye masale, akachomoa kitu, akaninyooshea. Nilidhani anatafuta silaha. Nikalenga uso. Pigo hilo ndilo lililopata jicho.

Bibi alipoliweka lile jani mkononi mwangu, nikalitambua.

Baltazari alikuwa ameniomba msamaha, ya Rabi, nami nikampiga kwa sababu sikujua kusoma jani. Hamisi aling'oa asichokijua, mimi nikapiga nisichokijua.

Kesho kukipambazuka nitavuka lile pengo na jani hili. Hamisi akiniacha, aniache. Baltazari hawezi kulikataa, ndiyo mila yao.

Mimi lake nililikataa.