Kadi ya Mazoezi

Kaka yangu,

Huku tunasukuma siku. Bati la jikoni limebadilishwa, paka wako kazaa tena.

Umeuliza mbona Mama hapokei simu. Jumatano idara yetu ya afya ilifanya mazoezi ya kupambana na kipindupindu. Nilimwomba aigize mgonjwa, nikamvika kadi ya njano ya wagonjwa wa mazoezi. Alipotapika, wenzangu walimpigia makofi.

"Mwanangu, naumwa kweli."

Nikacheka. "Hivyo hivyo, Mama, usiache."

Tulipozinduka, chupa za dripu zilikuwa tupu, za kuonyesha tu. Za kweli zilikuwa stoo, na mwenye ufunguo yuko likizo.

Mkuu wa idara ameandika kwenye ripoti kwamba tuko tayari. Ameagiza mwakani nisimamie tena.

Usihangaike kuja. Tumeshamzika.

Ni mimi, mdogo wako.