Kitabu cha Tano

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri hadi saa nne, kisha jua kali la kukausha viatu.

Leo nimepewa barua ya kunitaka nijieleze kazini, ya kwanza maishani mwangu. Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili za pondu, majani ya muhogo, nikaoga, na sasa naandika nikiwa na moyo mwepesi kuliko siku zote za juma hili.

Wasomaji wa blogu yangu hii ni watu kumi na wawili, wengi wao binamu zangu wa Kindu, kwa hiyo wacha nianze mwanzo. Majina nimeyabadilisha yote, na mahakama yenyewe siitaji kwa jina. Mimi ni mwoga, na uoga huo safari hii una sababu.

Mimi ni karani wa mahakama ya amani, ile ya ngazi ya chini kabisa, hapa Kisangani. Nina mwaka mmoja na miezi mitatu kazini. Watu hufikiri adhabu hutoka kichwani mwa jaji, kulingana na alivyoamka. Hata mama yangu anafikiri hivyo. Kumbe kila kosa lina kipimo chake, cha chini na cha juu, na kipimo hicho nacho huangaliwa upya. Huko mji mkuu hukaa tume ya majaji, waendesha mashtaka na maprofesa. Huandikia mahakama za mikoa kuuliza: kwa kosa hili mmetoa adhabu gani, kwa nani, kwa sababu gani? Sisi makarani tunajaza jedwali na kulituma. Tume inalinganisha, inaona mwizi wa kuku hapa anapata miezi na mwenzake kule anapata miaka, kisha inapendekeza. Bunge linajadili, rais anatia sahihi, gazeti la serikali linachapisha. Inaweza kuchukua miaka.

Halafu nakala moja ya gazeti hilo inafika kwetu, na kazi ya watu wote hao inaishia kwenye gundi yangu.

Hatuna vitabu vipya vya sheria. Tunavyo vitano vya zamani. Kifungu kikibadilika, karani anatoa nakala ya maneno mapya, anayakata kwa mkasi na kuyabandika juu ya maneno ya zamani, kitabu baada ya kitabu. Kisha anaandika kwenye rejista ya marekebisho idadi ya vitabu alivyobandika, na kutia sahihi. Ndivyo ilivyofanyika tangu kabla sijazaliwa. Jaji hafungui rundo la magazeti. Anafungua kitabu chake, akiamini mkono wa karani.

Miezi miwili iliyopita kilikuja kifungu kipya cha wizi mdogo. Kipimo cha juu kilishuka kutoka miaka mitano hadi mitatu. Nilikata vipande vitano, nikabandika vinne. Kitabu cha tano, kile cha jaji mwenyewe, ambaye sisi humwita Président, hakikuwepo. Alikuwa amesafiri nacho kwa boti kwenye kikao cha nje ya mji, upande wa Isangi. Kipande cha tano nikakitia kwenye bahasha, bahasha kwenye droo.

Na kwenye rejista nikaandika: vitano.

Sikuandika kwa ubaya. Mstari ulikuwa safi, mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo, na nilijua jaji angerudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu. Kitabu kilirudi kimevimba kwa unyevu wa mtoni. Mimi nilikuwa na malaria, na nilipopona nilikuwa nimesahau. Rejista ilisema vitano, nami nikaiamini, kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine.

Jumanne wiki hii nilikuwa najaza jedwali la tume. Safu moja inauliza adhabu ya juu kisheria, ya pili yake inauliza adhabu iliyotolewa. Nikafika kwenye faili la mtu nitakayemwita Lisungi, mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, aliyeiba baiskeli ya jirani yake. Safu ya kwanza nikaandika tatu. Ya pili nikataka kuandika tano, mkono ukasimama.

Tano haiwezi kuzidi tatu, nikajiambia. Kisha nikajisikia mjinga, kwa sababu inazidi.

Nilikuwepo siku ya hukumu hiyo. Jaji alisoma kutoka kitabuni, mwendesha mashtaka akaitikia kwa kichwa, Lisungi hakuwa na wakili, na mimi nilikuwa naandika kila neno. Hakuna aliyeshtuka. Sheria mpya ilikuwa kwenye droo yangu.

Sasa lile ninaloona haya kulisema. Mhukumiwa ana siku kumi za kukata rufaa. Jumanne ilikuwa siku ya sita. Nilichukua faili la Lisungi nikaliweka chini kabisa ya rundo. Kisanduku kwenye jedwali nikakiacha kitupu. Jumatano nilifika mapema, nikaliangalia rundo, nikafanya kazi nyingine. Nilijua nafanya nini. Nilikuwa nasubiri siku zipite ili jambo lisiwe tena na dawa, na lisipokuwa na dawa, nisilazimike kulisema.

Miaka miwili ya mtu, kwa ajili ya mstari wangu safi.

Leo asubuhi ilikuwa siku ya nane. Ya kumi ni Jumamosi, na Jumamosi ofisi imefungwa. Nilifika nimelowa, nikavua viatu nikaviegemeza ukutani vikauke, nikaanza kutembea miguu mitupu kati ya kabati na meza ya Papa Basile. Yeye ndiye karani mkuu, ana miaka thelathini kazini, na hapendi kukatizwa anapokunywa chai.

"Zaina," akasema bila kuinua macho, "iko nini? Tangu asubuhi unazunguka meza yangu sawa kuku inatafuta pa kutaga."

"Papa, kitabu ya Président. Sikubandika."

"Kwa rejista iko tano."

"Iko tano. Niliandika uongo."

Akaweka kikombe chini. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: bahasha, Lisungi, rundo. Hata rundo. Nilitegemea apige kelele. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, muda mrefu sana.

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya nane."

"Bon. Vaa viatu."

Tukaenda kwa jaji. Nilishika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Jaji alikifungua kitabu chake kilichovimba, akaweka kipande changu juu ya ukurasa, akasoma cha juu, akakiinua, akasoma cha chini. Akafanya hivyo mara tatu.

"Miezi mbili," akasema. "Na mwendesha mashtaka naye alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Na miye naye nilikuwa ninasoma tu." Akafunga kitabu. "Hukumu ikisha kutoka mu kinywa yangu, siwezi kuigusa tena. Rufaa ndiyo itaigusa. Karani anaweza kuipokea kule kule gereza. Donc, uko ungali unafanya nini hapa?"

Nilienda kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli, rejista ya rufaa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Barabara ilikuwa matope matupu, na mwendeshaji alilalamika juu ya uzito wa mfuko, ingawa nadhani alimaanisha mimi. Nilifikiri: nimekaa juu ya kitu kile kile alichoiba.

Lisungi aliletwa ofisi ya mlinzi mkuu wa gereza. Alikuwa amekonda. Alinitambua mara moja kuwa ndiye greffier, karani wa kesi yake.

"Mama greffier," akasema, "umekuja kuongeza?"

Mlinzi akacheka. Mimi sikuweza. Nikamwambia hapana, tonton, labda kupunguza, na nikamweleza polepole: sheria ilibadilika kabla ya kesi yake, karatasi haikufika kwenye kitabu cha jaji, na aliyepaswa kuifikisha ni mimi. Sentensi hiyo ya mwisho niliifanyia mazoezi njia nzima.

Akaniuliza karatasi yenyewe ina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa vidole viwili.

"Miaka yangu mbili iko mu ile karatasi?"

"Ndiyo, tonton."

Akaitazama nafasi kati ya vidole vyangu. "Niliiba. Ile sikatai. Lakini niliiba velo moja, haikuwa mbili."

Nikaandika tamko lake la rufaa, nikamsomea, akaweka kidole gumba. Wino ulikuwa kidogo, tukarudia. Alama ya pili ilikaa vizuri. Sijui mahakama ya juu itampa muda gani. Najua tu kwamba haiwezi kupita miaka mitatu, na kwamba rufaa imefika siku ya nane. Aliponirudishia kalamu hakunishukuru, na ninaona alifanya sawa.

Saa tisa nilikuwa mezani kwangu. Barua ya kujieleza ilikuwa tayari inanisubiri, imepigwa chapa na Papa Basile mwenyewe, bila kosa hata moja. Nina saa arobaini na nane za kujibu. Huenda nikapata onyo, huenda zaidi. Alipopita nyuma yangu aliacha nusu ya mkate wake juu ya barua, akaendelea na safari yake ya kabatini.

Nikatoa faili chini ya rundo. Nikafungua jedwali. Kwenye kisanduku kitupu nikaandika tano. Mwisho wa mstari kuna safu ya maelezo, ambayo makarani wote huiacha wazi kwa sababu hakuna anayejua tume inataka maelezo gani. Nikaandika: "Kipimo kipya kilikuwa hakijabandikwa kwenye kitabu cha jaji. Karani ni mimi."

Papa Basile akasoma begani kwangu. "'Karani ni mimi' haiko luga ya jedwali. Andika jina."

Nikaandika jina.

Kwa hiyo maprofesa wa mji mkuu watakapokaa tena kupima kama miaka mitatu inatosha, watakutana na mstari wangu. Labda watauruka. Labda mmoja wao atauliza kama mahakama nyingine nazo zinategemea gundi. Ningependa aulize.

Mwisho nilibandika kipande cha tano. Karatasi za kitabu hicho zimevimba na hazinyonyi gundi vizuri, nikapaka mara mbili, nikakilaza chini ya rejista nne nzito. Kwenye rejista ya marekebisho nilikata neno "vitano" kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, ili la zamani liendelee kusomeka. Juu yake nikaandika "vinne", na pembeni "cha tano" na tarehe ya leo.

Kesho, kabla sijaanza barua yangu ya kujieleza, nitaziondoa zile rejista nne nione kama gundi imeshika.