Udongo Wako Niliuchoma

Mama,

Shamba lako la kando ya mto sasa analima Karanja. Watu wa serikali walikusanya vipande vya mashamba ya kila mtu wakagawa upya, sisi wakatupa kimoja huku juu, kwenye barabara ya kwenda Thika. Binti yako Wanjiru alilia sana. Kabla hatujahama alichimba debe moja la udongo pale penye maharagwe yako, tuutawanye kwenye shamba jipya, vile ulikuwa ukifanya kila ukifyeka kichaka. "Udongo mgeni lazima uonyeshwe kazi," ulikuwa ukituambia.

Hilo debe nililipitisha kazini kwangu Ruiru, maabara ya udongo. Bwana mkubwa alikuwa ametueleza kwamba udongoni kuna bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyoifungua fosfeti, chakula cha mimea, iliyoshikwa na udongo huu wetu mwekundu, mizizi ipate kula. Nilifurahi, Mama! Nikataka ajue kwamba wewe ulikuwa ukivibeba mgongoni miaka yote. Kusema kweli nilitaka sifa.

Sheria ya pale, udongo wa nje huchomwa kwenye oveni kwanza, usilete magonjwa. Anayesimamia oveni ni mimi. Niliuingiza wote huku nikipiga domo na wenzangu. Ulipotoka, moto hata haushikiki, ndipo nikashtuka. Hakukuwa na kitu hai tena mle ndani. Ai, mjinga mimi!

Ilinipasa kumwambia Wanjiru siku ile ile. Nikampelekea debe tu. Aliutawanya kiganja kwa kiganja akiimba wimbo wa kanisa, nami nimesimama hapo nimemshikia debe.

Sasa mahindi yamedumaa, majani yamekuwa ya zambarau, dalili ya kukosa fosfeti. Wanjiru hata hali chakula vizuri. Jana alinishika mkono akaniuliza, "Mama ametukasirikia nini huko kaburini?" Nikasema sijui. Mama, nilisema sijui!

Hayo mahindi tutanunua. Lakini nimemwacha mtoto wako akuogope, na hilo linanitafuna.

Kesho tukitoka kanisani nitamwambia yote, anitukane akitaka. Halafu nitateremka kwa Karanja, ambaye hatusalimiani tangu mgao ule, nimwombe debe la udongo. Akikataa nitarudi tena. Nikipewa nitalibeba mgongoni moja kwa moja hadi shambani.

Pumzika, Mama. Wanjiru atajua kwamba hukutukasirikia, ila mimi ndiye nilikosa.

Mwanao,
Njoroge