Alidhani Nimemkatia Tamaa

Buseresere, Chato

Dada yangu mpendwa Scolastika,

Shikamoo dada. Natumaini hapo Tinde mmeamka salama, shemeji na wanangu hawajambo, na mama goti lake limepoa. Mwambie asiache kulichua. Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Akili ndiyo imevurugika, na sina mwingine wa kumwambia.

Uliniuliza mbona sionekani tena Facebook. Nimefunga ukurasa, na kisa chake ni hiki.

Kati ya wagonjwa wangu wa kifua kikuu yupo mchimbaji mmoja. Nitamwita Januari, ingawa si jina lake, maana kazi yangu hairuhusu kulitaja. Alikuja kituoni amekonda hadi shati linamning'inia. Alipoanza kupata nafuu aliniomba urafiki Facebook, nikakubali. Alikuwa akiweka video za wenzake wakicheza ngoma kando ya duara, lile shimo wanalochimbia dhahabu, nami nacheka peke yangu. Halafu akaanza kuniandikia faragha. Mwanzoni aliuliza mambo ya dawa, mbona mkojo umekuwa mwekundu. Nikamjibu kwamba ndivyo dawa ilivyo, asiogope. Baadaye akawa anauliza kama nimekula, kama nimelala vizuri. Nayo nikajibu.

Ndipo mganga mfawidhi wetu, Dokta Theonest, alipotuita watumishi wote. Akasema daktari asiwe rafiki wa mgonjwa mtandaoni, na maswali ya ugonjwa yajibiwe kwenye chumba cha daktari. Siku hiyohiyo nikamfuta Januari na kumzuia asiniandikie tena. Sikumwambia neno. Hapo ndipo nilipokosea, au labda nilikosea mapema zaidi. Sijui.

Siku yake ya kuchukua dawa ilipita, hakuja. Tukatuma mtu nyumbani kwake, hakumkuta. Mwishowe akaja mkewe, amejitanda khanga kama mtu atokaye msibani, akafunga mlango nyuma yake.

"Daktari, niambie ukweli. Mume wangu amebakiza muda gani?"

Nikamwuliza nani kasema anakufa. Akanijibu kwamba ni mimi. Mumewe alipoona nimemwondoa, alisema daktari hawezi kumkimbia mtu atakayepona. Kwamba bila shaka nimeona kitu nikaogopa kumwambia. Akaacha dawa, akaenda kwao Maganzo kuaga ndugu. Alikuwa ameshaonyesha mahali pa kuzikwa.

Dada, nilikosa pa kuuficha uso. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa safi! Nikampigia kwa simu ya kituo, Dokta Theonest akiwa kando yangu. Alipokea, nikasikia kikohozi tu. Nikamwambia hafi, arudi kwenye dawa upesi.

"Sasa mbona ulinikimbia?" akauliza.

Nikasema ni utaratibu wa kazi.

Amerudi, na anatibiwa na daktari mwenzangu. Niliomba mwenyewe. Hapa wanadhani naona aibu kwa kumfuta bila kumuaga. Wewe nakuambia lililo moyoni: haukuwa utaratibu. Wenzangu waliwaeleza wagonjwa wao kwa heshima, yakaisha. Mimi nilikimbia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuusubiri ujumbe wake. Usipoingia, chakula hakishuki. Hakuwahi kunitongoza hata kwa neno moja. Ni mume wa mtu, tena mgonjwa wangu, na mimi ndiye niliyesomea kujizuia.

Jana nilimkuta kwenye benchi, mashavu yamejaa. Akanisalimia, nikaitikia nikapita, na hadi sasa sijui kama nilipita kwa heshima au kwa woga. Maana yule mtu hakusema uongo. Ni kweli niliona kitu nikaogopa kumwambia. Kitu chenyewe tu ndicho hakukijua.

Nishauri dada, lakini usinicheke, na mama asijue. Wabusu watoto, msalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awafunike.

Mdogo wako akupendaye,
Asteria