Kiroba cha Mwani Ulichotuachia

Mgeta, Morogoro
19 Juni 1994

Mpendwa mdogo wangu Tumaini,

Hamjambo huko Paje? Shemeji Kibwana anaendeleaje? Na mama mkwe wako, mgongo umepata nafuu? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu ni kali na ukungu hauondoki hadi saa nne. Koti la marehemu mume wangu Athanas niliendelea kulitundika nyuma ya mlango. Kila nikifunga mlango, lilikuwa likinigusa bega.

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Uliomba nimruhusu mwanangu Ester aje kwako alime mwani. Sikukujibu, na yeye sikumwambia. Niliikunja nikaiweka chini ya debe la unga. Naona haya kuandika hivi, lakini nilikuwa na wivu.

Tangu ulipokuja kwenye arobaini ya baba yake, mtoto huyu hana hadithi nyingine. Ulimweleza mnavyochomeka vigingi na kufunga kamba maji yakipwa, mnavyobakiza vipande viwe mbegu, na samaki wadogo walivyorudi kujificha humo. Tena bila mbolea hata kidogo! Mimi, tangu serikali iondoe ruzuku, mfuko mmoja nagawana na majirani watatu, na masika ikija udongo wote unateremkia mtoni pamoja na hiyo mbolea. Siku ile nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikamsikia Ester anacheka. Tangu msiba alikuwa hajacheka. Mimi nilishindwa kumchekesha, wewe ukamchekesha kwa majani ya baharini.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukilia maji ya mto yakikufika magotini. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda shule. Leo wewe unasimama baharini, na mimi niko palepale kando ya mto.

Kile kiroba cha mwani mkavu ulichotuachia kwa ajili ya shamba, kila nikikiona kilinikera. Siku ya kuutumia, Ester alishika ndoo.

"Mama, tukauoshe kwanza. Mama mdogo alisema una chumvi."

"Mama yako mdogo alizaliwa akanikuta shambani. Lete jembe!"

Nikaufukia mkavu vilevile kwenye matuta ya kabichi. Mvua ilikuwa imekwisha, hakukuwa na cha kuiondoa ile chumvi. Siku ya tisa miche ilikuwa imeungua kingo, yote imelala. Likanusurika tuta moja la pembeni. Kumbe Ester alichukua viganja vichache, akaviosha mtoni bila kuniambia, akavifukia pale. Kabichi za tuta hilo zimenona hadi majirani wanauliza nimetia mbolea gani.

Hakunicheka. Aliuliza tu, "Mama, kwani unamwonea wivu mama mdogo?"

"Nimwonee wivu mtu anayekwenda shambani akarudi amelowa mpaka kiunoni?"

Tukacheka sote wawili, mwisho mimi nikalia. Ndipo nikanyanyua lile debe nikampa barua yako.

Kwa hiyo barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Nimemvalisha koti la baba yake kwa ajili ya baridi ya njiani. Akilivua kwa joto la huko, usimpe mtu, likunje uliweke. Mfundishe kila kitu, zaidi ile kazi ya kubakiza mbegu, maana sisi huku tumezoea kung'oa yote. Ila usisahau kwamba shamba hili ni la mama yetu, ni la ukoo, na baada yangu ni la Ester. Masika ikikaribia mruhusu arudi tupande pamoja.

Nisikudanganye, wivu haujaisha. Leo asubuhi nilipofunga mlango, hakuna kilichonigusa bega.

Nisalimie sana Kibwana na mama yake, na wale wanawake mnaolima nao, hata kama siwajui. Mungu awalinde mnapoingia majini na mnapotoka.

Siku mtakapofunga kamba ya kwanza, wewe na Ester, naomba mnikumbuke.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na wivu wangu,
Editha